Magari Yanayofuata Kivuli

Katika ploti anayoishi Fosia mjini Garissa, magari hufuata kivuli. Asubuhi kivuli cha mwarobaini huangukia upande wa nyumba, na magari yote hujipanga huko. Jua likishapita utosini, kivuli huhamia upande wa geti. Magari nayo huhama. Nani ataacha usukani uchomwe mpaka umuunguze vidole?

Fosia huuza maziwa ya ngamia. Kila asubuhi hurudi nyuma na pikapu yake moja kwa moja hadi getini. Njia huwa nyeupe.

Lakini siku moja alitoka alasiri. Kesho yake Ikran, binti wa jirani yao Warfa, angeolewa. Fosia na kaka yake Abdihafid walikuwa wakipeleka sufuria za harusi ukumbini. Fosia aliimba, akatia gia, akarudi nyuma vilevile kama asubuhi.

Kraa!

Walishuka mbio. Taa ya nyuma ya gari la Warfa ilikuwa imevunjika vipande vipande.

"Wallahi, gari yake ndio iko njia!" alisema Abdihafid. "Twende tu. Hakuna mtu ameona."

Gari hilo lilikuwa limeoshwa likang'aa, kwa sababu ndilo lingembeba bibi harusi. Na mke wa Warfa, Maka, ndiye aliyemuuguza Fosia alipojifungua. Sasa ujirani huo wote uharibike kwa sababu ya taa?

Qali, mwalimu wa udereva anayeishi humo humo, alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Usisogeze gari bado," alisema. "Piga picha kwanza."

"Lakini Adeer Warfa amebana njia, si ndiyo?" aliuliza Fosia, ambaye kwa heshima humwita Warfa adeer, yaani ami.

"Amebana kidogo, na hilo mtaongea. Lakini gari yake imesimama, yako ndio inatembea. Anayerudi nyuma ndiye anapaswa kujua kuna nini nyuma. Ulitazama?"

Fosia aliona haya. "Hapana," alisema. "Asubuhi hakuna gari hapo."

Qali alicheka. "Abaayo, dada yangu, uliendesha kwa mazoea. Macho uliyaacha nyumbani!"

"Sasa nifanye nini?"

"Mwambie mwenyewe. Mpe jina, simu, namba ya gari na bima yako. Halafu pigia watu wa bima leo leo, wakuambie kama watatengeneza. Mwenye gari akikosekana, unapeleka habari polisi. Lakini usikimbie. Kugonga ni ajali. Kukimbia ni kosa lingine, na sheria hailisamehe."

Fosia alibisha mlango wa Warfa.

"Adeer, nimegonga gari yako. Sikutazama nyuma. Kosa ni langu."

Warfa akatabasamu.

"Nilisikia huo mlio," alisema. "Nikakaa dirishani, nione kama kuna mtu atakuja kuniambia."

Kule kwenye pikapu, Abdihafid aliinama nyuma ya sufuria kana kwamba anatafuta kitu.

Jioni hiyo majirani walikaa pamoja. Walikubaliana kwamba njia ya geti ibaki wazi daima, kivuli kikae kitakapo. Nao watu wa bima walikubali kutengeneza taa baada ya harusi.

Asubuhi wanawake walifunika taa iliyovunjika kwa utepe mwekundu. Gari likapendeza kuliko jana. Warfa akampa Fosia ufunguo.

"Mimi leo ni baba wa bibi harusi. Endesha wewe."

"Mimi? Mimi niliyeligonga?"

"Wewe uliyeniambia."

Machozi ya furaha yalimlenga Fosia. Alikwenda nyuma ya gari, akatazama. Akazunguka ubavuni, akatazama tena. Wanawake wakapiga vigelegele.

Ikran alichungulia dirishani. "Eeddo, shangazi yangu, watu wananingoja!"

"Wacha wangoje," alisema Fosia. Akachungulia hata chini ya gari.