Mafuta Nyuma ya Paja

Kila jioni, kengele ya mwisho ikishalia, wakimbiaji wa shule walikwenda uwanjani kupasha misuli moto. Walizunguka uwanja polepole, wakarusha miguu mbele na nyuma, kisha wakapiga magoti wawili wawili: mmoja anashika vifundo vya miguu ya mwenzake, naye mwenzake anajishusha mbele taratibu hadi mikono iguse nyasi. Zoezi hilo liliuma nyuma ya mapaja, na Umeme, msichana mwenye mbio kuliko wote, hakulipenda hata kidogo.

Yeye alikuwa na njia yake ya mkato. Baba yake, fundi mwashi, alikuwa na chupa ya mafuta ya kuchua mgongo. Umeme aliyachota kidogo kidogo, akajipaka nyuma ya choo cha uwanja hadi ngozi ikawaka, kisha akatokea wenzake wakimalizia.

"Nyie endeleeni kuchemka," aliwatania. "Mimi nimeshaiva!"

Wiki moja ilitangazwa kwamba Jumamosi kungekuwa na mbio za mita mia mbili. Wasichana wawili wa kwanza wangechukuliwa papo hapo na shule ya bweni ya wanariadha, na Umeme alikuwa darasa la saba. Nafasi nyingine hakuitarajia.

Jumanne, akiwa katika kasi, kitu kilimfinya nyuma ya paja la kulia. Rafiki yake na mkimbiaji mwenzake, aliyeitwa Kobe kwa kupasha misuli bila haraka, alimwona akichechemea.

"Mwambie mwalimu, shoga yangu."

"Ataniweka nje! Ukisema, urafiki wetu basi."

Kobe hakumwambia mwalimu. Maumivu yakazidi, na Umeme akazidisha mafuta. Ngazi za darasani alizipanda wa mwisho, akishikilia ukuta.

Jumamosi alijipaka mara mbili. Filimbi ikalia. Kwenye kona alikuwa mbele ya wote, lakini alipoongeza mwendo alihisi kitu kikikatika pajani kama uzi. Akaanguka. Akainuka, akaanguka tena, akatambaa kwenye vumbi huku wenzake wakimpita mmoja mmoja. Kobe alimaliza wa pili.

Kwenye zahanati, baba akiwa kando, muuguzi alimpapasa paja. "Msuli umechanika. Hakuna kukimbia wiki sita."

"Nimekwisha, baba!" Umeme alilia hadi sauti ikamkauka. "Bora nisingezaliwa na miguu!"

Baba alimwinamia, akanusa. "Haya si mafuta yangu? Nami nilidhani chupa inavuja!"

Umeme akasema yote. Baba akamfuta vumbi usoni.

"Mwanangu, mafuta hudanganya ngozi. Msuli haudanganyiki. Wenyewe unataka kuamshwa kabla ya mbio na kutiwa nguvu kila siku, na ukikufinya, unaomba upumzishwe. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Mwalimu wa michezo alifunga safari hadi shule ile ya bweni kumwombea nafasi, wakakubali kumpima mwisho wa muhula. Muda ulikuwa mfupi mno. Siku nyingi Umeme alikata tamaa, akajifunika shuka na kukataa kuamka. Muuguzi alipomruhusu kufanya mazoezi, baba alirudi kutoka kazini kila jioni na mikono yenye saruji, akamshika vifundo vya miguu. Mwanzoni Umeme alianguka puu!

"Hilo gunia la saruji," baba alisema. "Haya, sasa shuka kama mtu."

Akashuka tena, machozi yakimtoka, na tena siku iliyofuata.

Siku ya kupimwa, Kobe, ambaye sasa alisoma shule ile ya bweni, ndiye aliyemshika miguu kwenye nyasi. Umeme alizunguka uwanja, akarusha miguu, akatoka jasho. Kisha akakimbia, kona yote, bila mfinyo. Mkufunzi wa shule alitazama saa yake, akaandika jina la Umeme kwenye orodha.

Baba alimsogelea, akanusa hewa. "Leo hujapaka kitu?"

"Hapana, baba," Umeme alisema akihema. "Leo nimechemka."

"Basi leo ndiyo umeiva, mwanangu."