Geti la Njia ya Kanisani

Katika picha ya baa kulikuwa na mwanamke ambaye Desmond Tarrant hakumwona alipokuwa akipiga. Alisimama kando ya mlango, mgongo kwa kamera, koti lake la sufu limelowa chapachapa, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha hata tone.

"Washamba hawa," Desmond alinung'unika. "Hata kupisha kamera hawajui."

Ndivyo alivyokuwa. Tangu ahamie Wexcombe, mji wa zamani wa kina mkewe, apige picha za kalenda za vichochoro, mabaa na njia za miguu, hakuona mtu wa kumheshimu. Kilichomkera zaidi ni geti la njia ya kanisani. Kwingine kote Uingereza mtu humshikilia geti anayemfuata, la sivyo huonekana hakulelewa. Hapa waliliachia likajibamiza, hata kama pua yako imo. Asubuhi ile alisikia hatua nyuma yake, akalishikilia.

"Tafadhali, pita," alisema bila kugeuka. Hakuna aliyeshukuru. Akasonya, akaenda zake.

Sasa aliingia baani na kumwonyesha picha Maud Gadsby, mwenye baa, ambaye alikuwa akifuta bilauri. Maud aliiweka bilauri chini taratibu.

"Ulimshikilia geti?" akanong'ona.

"Mimi nina adabu, Bi Maud. Nyie mlizaliwa zizini?"

"Punguza sauti, anasikia! Huyo si mtu. Hapiti geti wala mlango mpaka afunguliwe na mtu. Mchungaji mmoja mgeni alimfanyia uungwana kama wako, naye huyo akamfuata hadi nyumbani, akakaribishwa mezani. Mke wa mchungaji alikufa maji kitandani, bwana. Kitandani!"

Desmond alicheka, kisha akaitazama tena ile picha. Alimfikiria Rosalind, mkewe, mtu pekee katika mji ule ambaye yeye Desmond hakumdharau. Ama, tuseme, alimdharau kidogo tu, kwa vile alikulia shule za bweni za mbali na hivyo hakuwa mwenyeji hasa.

"Nifanye nini basi?"

"Ingia kwako, umbamizie mlango usoni. Usiseme neno. Akikosa wa kumfungulia mpaka kuche, hurudi kwake."

Jioni za Desemba huingia mapema. Desmond alitembea akijiambia kuwa ni upuuzi wa walevi, na huku akijiambia hivyo alikuwa akiongeza mwendo, kwa sababu harufu ya sufu mbichi na tope la kaburini ilikuwa imemfikia shingoni, na kila alipokanyaga kulikuwa na kanyago jingine nyuma yake, zito, la viatu vilivyojaa maji, na alipoinua kamera juu ya bega na kupiga bila kugeuka, kioo kilimwonyesha lile koti, karibu mno, safari hii likiwa limemwelekea, na juu ya ukosi wake uso uliovimba ukitabasamu kwa heshima kubwa.

Alikimbia. Akafungua mlango wa nyumba yake, akaingia, akaubamiza kwa nguvu zake zote. Nje kukawa kimya. Akaketi sakafuni akilia kwa furaha. Amemwokoa mkewe.

Kisha mlango ukagongwa, polepole.

"Desmond!" Rosalind alikuwa ametoka jikoni, akichungulia dirishani. "Umemfungia mlango bibi wa watu, mzee, kalowa hivyo? Aibu gani hii?"

"Rosie, usi—"

"Unawasema wenzako mchana kutwa, kumbe wewe ndiye huna adabu." Akamruka, akaufungua mlango wote wazi. "Ingia, mama, ingia. Msamehe mume wangu. Nimeshateleka chai."

Maji yalitangulia kuingia. Koti likafuata, likapita juu ya miguu ya Desmond hadi mezani, likasimama likisubiri.

"Mvutie mgeni kiti, mpenzi," alisema Rosalind, na kwa mara ya kwanza akakohoa.