Mifupa ya Arley

Uvumi ulianzia kwenye kituo cha maziwa, asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni na makopo yao. Ferney, kijana wa mbio za baiskeli wa kitongoji cha pili, alikuwa amevunjika nyonga. Hakugongwa na gari. Hakuanguka kwenye mteremko. Alisimamisha baiskeli mbele ya duka, mguu ukateleza, akaangukia ubavu. Basi. Nyonga ikavunjika.

"Ni sindano hizo," alisema mama Otilia huku akipangusa mfuniko wa kopo lake. "Wanajidunga ili wapande milima bila kuchoka. Dawa inawala mifupa kutoka ndani. Wote wanajidunga, nawaambieni."

Aliposema "wote" hakumtazama Belarmina. Ndipo Belarmina akajua kwamba anayesemwa ni yeye.

Mwanawe, Arley, alikuwa akishindana katika timu ndogo ya baiskeli ya mji wa Duitama. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amevunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, mara mbili, kisha ubavu. Mtulinga haumshtui mtu wa huku. Ukipanda baiskeli utavunja mtulinga, kama vile ukikamua ng'ombe utapigwa teke. Lakini ule ubavu ulivunjika kwa kuanguka kidogo tu, hapo uani. Maneno ya Otilia yalimganda Belarmina kama kupe.

Arley alipotoka kwenda mazoezini, Belarmina aliingia chumbani mwake. Aliinua godoro. Alipekua soksi. Hakuona sindano. Chini ya kitanda aliona mzani wa kujipimia uzito.

Jioni aliwapakulia supu ya maziwa na mayai, yenye kotimiri na mkate mkavu ndani.

"Mwanangu, nikikuuliza jambo utaniambia kweli?"

"Uliza, mama."

"Unajidunga?"

Arley alimtazama, kisha akacheka. Baba yake, Eliécer, akacheka zaidi.

"Huyu? Siku ya chanjo shuleni alizimia kabla nesi hajafungua boksi."

"Sijidungi, mama. Haki ya Mungu," Arley alisema. Akaisogeza supu kando. "Na hii sinywi, unajua. Maziwa yananenepesha. Kilo moja ya ziada mlimani ni kama umebebeshwa gunia la viazi."

Nyumba ile ilikuwa na ng'ombe sita. Kila mtu alikunywa maziwa ila Arley. Alikunywa kahawa nyeusi, akala wali kidogo, akaenda kupanda milima kwa muda wa saa tano.

Tena Arley hakutembea. Wapanda baiskeli wa huku wana msemo: mguu wa mbio hautembei. Wazee wa mbio waliwafundisha vijana, na vijana wakaushika kama katekisimu. Ukiweza kukaa, usisimame. Ukiweza kulala, usikae. Eliécer, mgongo umempinda, ndiye aliyebeba makopo ya maziwa hadi barabarani. Arley alilala, miguu juu ya ukuta. Akiinuka kumsaidia baba yake, Belarmina mwenyewe ndiye aliyekuwa akimkemea: "Keti wewe, usichoshe miguu."

Usingizi ulimpaa Belarmina. Kulipokucha alimburuta kijana wake hadi zahanati, kwa nesi Marleny, aliyewachanja watoto wa kitongoji kile chote.

Marleny alisikiliza habari yote. Aliuliza Arley anakula nini. Aliuliza amevunjika wapi na wapi, na alianguka vipi.

"Je, ni sindano?" Belarmina aliuliza.

"Ya Ferney siyajui, na hata ningeyajua nisingeyasema. Zipo dawa zinazodhoofisha mifupa, ni kweli. Lakini mpanda baiskeli anaweza kuwa na mifupa dhaifu bila kujidunga hata siku moja."

Arley alitabasamu. "Nesi, huo si ugonjwa wa mabibi?"

"Mfupa hausomi kitambulisho, kaka."

"Lakini tazama miguu yangu. Chuma."

"Hiyo ni misuli. Mimi nasemea kilicho ndani yake." Marleny aligonga goti lake mwenyewe. "Mfupa ni kitu hai. Kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Ukitembea, ukiruka, ukibeba mzigo, mfupa unapata habari kwamba kuna kazi, unajiimarisha. Sasa wewe baiskeli inakubeba. Moyo unafanya kazi, mapafu yanafanya kazi, misuli inafanya kazi. Mfupa umekaa kitini."

Arley hakutabasamu tena.

"Ukishuka, unalala," Marleny aliendelea. "Jasho linatoka na madini ya kujengea mifupa, na maziwa hunywi. Halafu unakula chini ya kile unachokichoma. Mwili ukikosa chakula huanza kubana matumizi. Kwa wasichana hedhi hukoma, nao huambiwa ni dalili ya mazoezi mazuri. Si kweli, ni kilio cha mwili. Kwa wavulana hakuna cha kuhesabu, kwa hiyo hakuna anayejua."

"Hadi waanguke," Belarmina alisema polepole.

"Hadi waanguke, mama. Mfupa unaopungua hauumi."

Marleny aliwaandikia waende hospitali ya mjini Tunja, Arley akapimwe mifupa. Kule Arley alilala juu ya kitanda, mashine ikapita juu yake, hata hakuguswa. Daktari aliwaonyesha picha. Mifupa ya uti wa mgongo ilikuwa imepungua sana, haikulingana na kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nyonga nayo ilikuwa njiani. Hali ikiendelea hivyo, ajali ndogo ingetosha.

Arley aliirudisha picha mezani.

"Nikiacha baiskeli," alisema, "mimi ni nani?"

"Nani kasema uache?" daktari aliuliza. "Panda. Lakini ule. Na ukishuka, tumia miguu yako kama watu wengine."

Daktari alimpima damu pia, akampa vidonge vya vitamini D kwa kuwa ilikuwa chini. Alimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimkataza kuanza kurukaruka au kunyanyua vizito kwa fujo kabla ya kufundishwa, maana mfupa dhaifu nao huvunjika kwa pupa.

Kocha alipopata habari alipiga simu. Sauti yake ilisikika hadi jikoni. Utakuwa mzito. Utachosha miguu. Msimu unaharibika. Arley aliinamisha kichwa. Belarmina aliichukua ile simu mkononi mwake.

"Kocha, shikamoo. Wewe unaitaka miguu yake ya mwaka huu. Mimi naitaka ya miaka yote. Siku njema."

Kesho yake Arley alibeba makopo ya maziwa pamoja na baba yake. Eliécer alishika kiuno akamtazama. "Kumbe nyumba hii ina mtoto." Kwenye kituo cha maziwa watu waliulizana kama ametimuliwa kwenye timu. Siku iliyofuata, kijana aliyezoea kupanda milima hadi mawinguni alikuwa akichechemea. Kutembea kulikuwa kumemkaza mashavu ya miguu.

"Pole, bingwa," mama Otilia alimwambia. "Maziwa yamekushinda kuyanywa, na kuyabeba je?"

"Nayanywa, mama Otilia. Ukichelewa nitakunywa na yako."

Alianza kula supu ya maziwa asubuhi, jibini, mayai, maharage, viazi vya kutosha. Mtaalamu alimfundisha kunyanyua uzito taratibu, kisha kuruka juu ya ngazi ndogo. Aliongezeka kilo chache. Mwanzoni zilimwuma moyoni. Kisha akagundua kwamba saa ya mwisho ya mbio, wenzake walipoishiwa, yeye bado alikuwa na nguvu.

Msimu uliofuata aliteleza kwenye kona yenye matope, mvua ikinyesha. Belarmina alikuwa pembeni ya barabara. Alifumba macho. Alipoyafumbua, Arley alikuwa amesimama, paja limechubuka, anaulizia baiskeli yake. Daktari aliwaonya kwamba kuanguka kumoja hakuthibitishi kitu. Kinachosema ni kipimo. Nacho kilisema: uti wa mgongo umeongezeka kidogo, nyonga imeacha kupungua. Kidogo, lakini kwa mfupa hiyo ni safari ndefu.

Mama Otilia ana mjukuu anayeanza mbio. Alimfuata Belarmina kando ya foleni, akauliza kwa sauti ya chini afanye nini. Belarmina hakumsuta. Alimwambia haya, na kila mwenye mpanda baiskeli nyumbani ayasikie:

Epuka kumlaza mpanda baiskeli kutwa. Atembee, abebe, apande ngazi.

Epuka mazoezi ya kwenye kiti cha baiskeli tu, mwaka mzima.

Epuka kuogopa chakula. Anayechoma kingi ale kingi.

Epuka kuacha maziwa bila kula kitu kingine chenye madini hayo, kama dagaa wa kuliwa na miiba yake au mboga za majani.

Epuka kufurahia hedhi iliyokoma. Msichana huyo apelekwe kwa daktari.

Epuka vidonge na sindano za kuambiwa na rafiki.

Epuka kusema "ni mtulinga tu" akivunjika mara ya pili. Omba apimwe mifupa.

Epuka kumzulia mtoto wa mwenzio. Mama yake akiona haya, hatauliza, na mtoto ndiye atakayevunjika.