Pini Iliyofutwa

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni kwamba pini haikuwepo.

Picha ilikuwa ileile: ndala mbili za buluu mchangani, zimetupwa huku na huku kana kwamba mwenyewe amekimbilia majini. Mwenye nyumba ya wageni ya ufukweni alikuwa ameiomba shule imchoree picha za ndala za kupamba ukuta wa mapokezi msimu huu wa joto, na leo darasa zima lilikuja kuzitazama. Lakini kwenye ukanda wa ndala ya kushoto, pale Kimya alipochora pini iliyoshikiza ukanda uliokatika, palipakwa rangi. Na pembeni, chini, liliandikwa jina la kiranja wa darasa.

Damu ilimchemka. Wiki mbili alichora picha ile kila alipomaliza kuosha vyombo, kisha akamkabidhi kiranja, aliyekusanya kazi za wote. Sasa kiranja huyohuyo alipokea pongezi, kichwa juu. Alipompita Kimya, alimnong'oneza, "Wewe si huongei? Basi endelea hivyohivyo, mdogo wangu."

Mwalimu wa sanaa aliisogelea picha. Akamuuliza kiranja mbona rangi ya ukanda haifanani.

"Palikuwa na pini, Mwalimu. Ilitia aibu, nikaifuta."

"Aliyeichora ni nani?"

Kiranja akajisogeza kando ya picha.

"Mimi," Kimya akasema. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka.

Mwalimu akataka kujua kwa nini, basi, kisigino cha ndala ya kushoto kimelika zaidi kuliko cha kulia. Kimya akajibu kwamba mwenye ndala huegemea mguu huo anapopiga deki. Kiranja akainama, akakiri yote, akaomba radhi mbele ya wenzake. Mwalimu akampa kitambaa afute jina lake.

"Kuchukua kazi ya mwenzako ni wizi," akasema, "hata kama hukumwibia senti. Na wewe, Kimya, ukinyamaza unampa mwizi nafasi. Haya, irudishe pini yako. Ndala zenyewe ni za nani?"

Mlangoni, mfagizi wa nyumba ile alikuwa ameshika dekio, ameegemea mguu wa kushoto. Tangu asubuhi Kimya alikuwa akikwepa kumtazama, wenzake wasije wakajua.

Akamwendea, akamshika mkono.

"Ni za huyu," akasema. "Huyu ni mama yangu."