Bei ya Klia

Ijumaa asubuhi kituo cha metro cha Doha Jadida hujaa watu mpaka pa kukanyaga hakuna. Walinzi waliotoka zamu, yaya waliopewa siku yao moja ya mapumziko, madereva wenye mashati yaliyopigwa pasi kali, wote huingia na kutoka mbiombio. Siku hiyo, milango ya lifti ilipofunguka, Cornelius Mulwa alijitokeza akiwa amekumbatia ubao mpana uliofunikwa blanketi. Papo hapo Nasimiyu naye alikuwa anaingia, amevaa gauni la kitenge la rangi ya haradali na viatu vyeupe, nywele kazisuka zikapanda juu kama taji.

Skrubu iliyochomoza kwenye kona ya ubao ikanasa gauni.

"Dada, samahani, usisonge. Utalirarua."

"Mimi nilirarue? Si ni mbao yako imenishika!"

"Basi tusimame hivi hivi kidogo."

"Tusimame mpaka lini? Mimi naenda kanisani."

Cornelius alipiga goti katikati ya watu, akainasua ile skrubu taratibu, uzi mmoja mmoja, kwa vidole vyenye madoa ya rangi yasiyotoka hata kwa sabuni. Gauni likapona. Blanketi ndilo lililoanguka, na Nasimiyu akasahau hasira. Ubaoni palichorwa farasi weusi wakikimbia chini ya mwezi mwekundu, na kati yao vidirisha vya plastiki vya mviringo, vya njano na vya kijani.

"Hii ni nini? Mlango wa nani?"

"Ni ubao wa pinboli. Ule mchezo wa mpira wa chuma unaobingirika chini ya kioo, taa zinawaka, kengele zinalia. Mwenyewe anataka niupake klia, ile rangi angavu ya juu, kama gari, ung'ae na usichubuke."

"Na wewe ni fundi wa pinboli?"

"Mimi ni mpaka rangi wa magari. Huu ni wa kwanza. Naupeleka nyumbani, mtaa wa Najma, niuangalie, halafu nimwambie bei. Nafikiria riyal mia nne."

Nasimiyu alicheka mpaka mama mmoja akageuka kumtazama.

"Mia nne? Kaka, mimi kazi yangu ni kukadiria bei. Kampuni yetu inatengeneza makabati na kaunta za maduka. Hiyo mia nne hata kupiga msasa haitoshi."

"Basi nisaidie."

"Nimekujua dakika mbili."

"Dakika mbili, lakini tumeshikana vizuri."

Nasimiyu aliingia kwenye lifti akiwa bado anatabasamu. Kabla milango haijajifunga, alikuwa amemtajia namba ya simu, na Cornelius, mikono yote imejaa ubao, aliirudia kwa sauti njia nzima hadi nyumbani asije akaisahau.

Jumapili jioni walikaa kwenye mkahawa mdogo wa Najma, vikombe viwili vya chai ya karak mbele yao. Nasimiyu alitoa daftari.

"Haya, niambie kazi yote. Usiruke."

Cornelius alimweleza. Kwanza kuosha nta ya miaka mingi. Kisha vile vidirisha: vingine vimezama, vingine vimeinuka, na mpira wa chuma ukipita unarukaruka, kwa hiyo lazima visawazishwe vyote. Halafu kugusia rangi mahali farasi wamechubuka. Halafu klia mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ukauke, upigwe msasa. Wa pili, msasa. Wa tatu, kisha kung'arisha.

"Saa ngapi jumla?"

"Sijui. Hizo ni saa zangu tu."

"Ati zako tu! Cornelius, unauza rangi au unauza mikono yako?"

Walihesabu saa thelathini na nne. Nasimiyu akaongeza klia yenyewe, msasa, kodi ya chumba cha kupulizia ambacho tajiri wa gereji alikubali kumpa Ijumaa. Mwisho akaandika mstari mmoja kwa herufi kubwa: barakoa yenye mrija wa hewa safi.

"Hiyo ni ghali," Cornelius alisema. "Ile ya gereji imepasuka, lakini ya karatasi inatosha."

Nasimiyu aliweka kalamu chini.

"Baba yangu alipaka magari Bungoma miaka ishirini na miwili, amefunga leso puani. Ile dawa ya kukaushia klia huioni, hainuki sana, na inaingia kifuani. Mwisho alikuwa hawezi kupanda kitanda bila kupumzika njiani. Tulimzika akiwa na miaka hamsini na moja. Huo mstari usiuguse."

"Sitaugusa."

Jumla ilifika riyal elfu mbili na mia sita. Cornelius aliitazama ile namba kama mtu anayetazama nyumba ya jirani tajiri. Lakini aliituma.

Wiki zile zilikuwa tamu. Kila akitoka kazini simu ilikuwa sikioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula ugali na wewe hukuwepo."

"Ugali na nini?"

"Na kukukumbuka."

"Wee! Maneno ya Machakos hayo. Kale mboga."

Walitembea Corniche wakila mahindi ya kuchoma, wakacheka, wakasimuliana habari za kwao. Cornelius alikuwa na miaka mitano Doha, na hakuwahi kupata mtu wa kumwuliza siku yake ilikuwaje. Usiku alilala akishukuru.

Wasiwasi uliletwa na mwenye ubao. Bwana Nasser alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anakaa Al Wukair, na mashine ile aliachiwa na kaka yake marehemu. Alipopokea bei alijibu neno moja tu: nitafikiria. Siku nne zikapita, kimya. Job, mwenzake Cornelius gerejini, akamtia hofu.

"Elfu mbili na mia sita kwa mbao? Umemfukuza mteja, bro. Kuna fundi anafanya kwa mia tisa."

Siku ya tano Cornelius hakuvumilia. Alifuta mkono wa tatu wa klia, akafuta saa kumi za kazi, na mwisho, akiwa amekunja uso kama anayemeza dawa chungu, akafuta mstari wa barakoa. Akatuma elfu moja na mia tano. Siku mbili baadaye jibu likaja: sawa, anza.

Alimpigia Nasimiyu. "Amekubali!"

"Amekubali? Haki? Cornelius! Mungu ni mwema!" Nasimiyu alipiga kelele ofisini, wenzake wakageuka. Jioni alimnunulia keki yenye maandishi ya krimu, Fundi Wangu. Cornelius aliila bila kumtazama machoni.

Ijumaa ya pili ya kazi, baada ya ibada, Nasimiyu aliamua kumshtukiza. Alifika gerejini na chapati na maharagwe kwenye bakuli, amevaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu. Mlango wa chumba cha kupulizia ukafunguka. Cornelius akatoka na barakoa ya karatasi mdomoni, macho mekundu, akainama na kukohoa, mkono ukutani.

Alipoinua kichwa alimwona.

"Barakoa iko wapi?" Nasimiyu aliuliza polepole.

"Inakuja, kipenzi. Imechelewa dukani."

"Nionyeshe karatasi ya bei uliyomtumia."

"Nasimiyu..."

"Nionyeshe."

Alimpa simu. Akasoma mstari kwa mstari. Alipofika mwisho uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Cornelius.

"Alikuomba upunguze?"

"Hapana. Alinyamaza tu. Niliogopa kumkosa."

"Kwa hiyo ukaogopa kumkosa yeye. Mimi nilikwambia kitu ambacho sijamwambia mtu mwingine hapa Doha, ukakifuta ili umpendeze mtu aliyenyamaza. Halafu ukala keki yangu."

Aliweka bakuli juu ya boneti ya gari na kuondoka.

Siku sita Nasimiyu hakupokea simu. Siku ya nne ilipokelewa na Jerusha, aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja.

"Shemeji, Nasimiyu hayupo."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa kitandani. Ameniambia niseme hayupo."

"Jerusha!" sauti ikasikika nyuma.

"Unaona? Hayupo. Lakini shemeji, usimpigie kuomba msamaha mtupu. Fanya kitu kwanza."

Cornelius alifikiria maneno hayo akipanda ngazi za nyumba yao. Ghorofa ya pili ilibidi asimame. Kifua kilikuwa kimebana kama kimefungwa kamba. Alikaa pale kwenye ngazi, kijana wa miaka thelathini na moja, akamwona mzee ambaye hakuwahi kumjua, akipumzika njiani kwenda kitandani mwake.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini. Asubuhi alipimwa kifua hospitalini. Alasiri alipanda metro hadi Al Wakrah, kisha basi hadi Al Wukair, akiwa amebeba ubao ulio nusu kazi. Bwana Nasser alimkaribisha sebuleni kwa kahawa na tende.

"Nimekuja kukwambia ukweli," Cornelius alisema kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kiarabu cha gerejini. "Bei ya pili ni ya uongo. Nilitoa mkono wa tatu wa klia, na mpira utaula ubao huu mapema. Nikatoa na barakoa, na kifua changu kinaniuma. Sitaendelea hivi. Kama bei ya kwanza ni kubwa, nitakurudishia malipo yako ya mwanzo, na ubao huu hapa."

Bwana Nasser alikuna ndevu zake nyeupe.

"Nani alikwambia ni kubwa?"

"Ulinyamaza."

"Nilikuwa Makka, Umra! Simu niliiacha mkobani. Niliporudi nikakuta bei ya pili. Nikajiuliza, huyu mtu amegombana na nani, na mimi sijasema ni kubwa? Nikadhani labda umepata rangi rahisi." Alisukuma sahani ya tende mbele. "Hawa farasi kaka yangu aliwapenda kuliko magari yake. Sitaki wang'ae kwa pumzi ya mtu. Ile karatasi ya kwanza ilikuwa safi sana, kila kitu mahali pake. Nani aliiandika?"

"Mwanamke ninayempenda. Haongei na mimi sasa."

"Na wewe uko hapa unakunywa kahawa na mzee? Inuka! Fanya kwa bei ya kwanza, nunua barakoa leo, na uende kwake."

Cornelius alimshika mikono yote miwili, na machozi yakamtoka bila aibu.

Ijumaa hiyo alimsubiri kwenye lango la uwanja wa makanisa, jua limepanda, watu wa kila kabila na lugha wanamiminika. Nasimiyu alitoka na Jerusha, amevaa gauni la kijani lenye mkanda mwembamba. Akamwona, akasimama. Jerusha akakumbuka ghafla kwamba ana kitu cha kununua.

"Nilienda kwa Bwana Nasser," Cornelius alisema. "Nilimwambia nimedanganya. Amekubali yote, mikono mitatu na barakoa. Lakini sikuja kukwambia hilo tu. Nilikukosea. Ulinipa habari ya baba yako niitunze, nikaifanya kama gharama ya kupunguza. Nisamehe."

Nasimiyu alisogea karibu.

"Umepimwa kifua?"

"Nimepimwa. Daktari amesema nimewahi, kitatulia nikiacha kuvuta ile hewa. Ameandika hapa."

Aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili. Kisha akaikunja, akaitia mkobani mwake mwenyewe na kumpiga Cornelius ngumi ndogo begani, akaifuatisha ya pili, halafu akaegemea bega lile lile akalia.

"Asante Mungu," alisema. "Wewe nimekukasirikia bado. Lakini asante Mungu."

"Kasirika tu, mpenzi. Ukiwa karibu."

"Usinichekeshe. Nataka kulia."

Kazi ya ubao ilichukua wiki tano. Siku ya kuurudisha walienda pamoja Al Wukair. Bwana Nasser aliufunga ndani ya mashine yeye mwenyewe, akawasha, na farasi wakamulikwa kutoka chini kama walio hai. Mpira wa chuma ulipita juu ya vidirisha bila kuruka hata mara moja. Mzee alicheza michezo mitatu mfululizo. Alipogeuka alisema tu kwamba kaka yake angepiga kelele mpaka majirani waje, na kwamba ana mashine nyingine mbili, na karatasi ya bei aiandike dada huyu.

Walitoka wakasimama kituo cha basi, barabara pana, majengo mapya yakiwa bado na kiunzi, upepo mwepesi wa alasiri. Cornelius alikuwa akichora ardhi kwa ncha ya kiatu.

"Unawaza nini?" Nasimiyu aliuliza.

"Nataka tuoane."

"Hapa? Kwenye kituo cha basi?"

"Nilipanga mahali pazuri. Nimeshindwa kungoja."

Nasimiyu aliangalia barabara, akaangalia viatu vyake, akamwangalia yeye. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, Cornelius. Hapa hapa." Na kabla hajambusu alikuwa amekwisha kumpigia mama yake Bungoma.

"Nasimiyu, ni nani huyo anapumua karibu na simu?"

"Ni Cornelius, Mayi. Anataka kunioa. Nimemkubali."

Kikaja kigelegele kilichofanya simu ikwaruze.

"Mama, habari yako," Cornelius alijaribu.

"Mwanangu, maswali ninayo mengi, na utayajibu yote. Lakini kwanza tushukuru. Fumbeni macho."

Wakafumba. Mama akaanza. Alimshukuru Mungu kwa ndege zilizowavusha salama, kwa nchi iliyowapa kazi, kwa mvua, kwa ng'ombe aliyezaa juzi, kwa mzee wa Al Wukair ambaye alisimuliwa tu na hata jina lake alilikosea. Basi likaja, dereva akafungua mlango, akawaona wameshikana mikono wameinamisha vichwa juu ya simu, midomo ikisema asante, asante. Akaiacha honi aliyotaka kuipiga, akakaa akawangoja.