R ya Farouk

"Sema haraka. Ni nani?"

"Fundi wa simu. Anaitwa Eghinayo. Anakaa Makindye, nyuma ya soko. Anapeleka habaghi kwa maadui."

Nilibana chombo cha kusikilizia sikioni.

Sikukusudia kusikiliza. Nilirudi mapema kutoka kuswali adhuhuri, mwenzangu Concy akatoka kunywa chai, nikaingia kwenye laini kuangalia kama mazungumzo yamekwisha nichomoe waya. Ubao wetu wa simu pale Nakasero ulihudumia ofisi nyingi za serikali. Mojawapo ilikuwa ya wale makachero wa miwani myeusi. Mwaka huo wa 1976, aliyepelekwa kwao hakurudi.

"Na wewe ni nani?" wa ofisini aliuliza.

"Ghaia mwema tu."

"Basi. Tutamfuata leo saa kumi na mbili."

Wakakata. Erinayo alikuwa fundi wa ubao wetu.

Miaka minne kwenye ubao ilinifundisha kuwajua watu kwa ndimi zao. Waganda waliniomba "nambali ya wizala". Wanajeshi wa kaskazini waliivingirisha r mpaka sikio likawasha. Lakini r ya kooni, iliyokaribiana na herufi ghaini ya Waarabu, niliijua kwa mtu mmoja tu Kampala nzima. Alikuwa mwanafunzi wa baba yangu kwenye chuo cha Kurani, akichapwa vidole kila alipofika kwenye "Rahman". Mimi nilijificha naye nyuma ya chuo nikimfundisha: rangi, roho, rudi. Hakuweza. Nikampenda hivyo hivyo. Harusi yetu ilikuwa ifanyike Ijumaa ya wiki ile.

Nilimpigia Farouk simu kazini kwake.

"Hajagha, mpenzi! Leo umenikumbuka mchana?"

"Njoo na pikapu. Sokoni Nakasero, upande wa ndizi. Sasa hivi, Farouk."

"Kuna nini?"

"Njoo."

Nilimwambia msimamizi tumbo linanikata. Dakika ishirini baadaye nilikuwa nimekaa kando ya Farouk, injini ikinguruma.

"Erinayo amekukosea nini?"

Alitazama mbele. "Eghinayo yupi?"

"Usinichezee! Nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Saa saba huwa hupo kwenye ubao..." Akajikamata. Alikuwa amechelewa.

"Kwa hiyo uliichagua saa."

"Nimekuona, Hajagha! Mara mbili unashuka kwenye gaghi lake, unacheka. Mimi nitakuwa mume wa namna gani?"

"Mabasi hayakuwepo! Mkewe Lakot alikaa mbele, mimi nyuma na masanduku ya nyaya. Mwanamke ana mimba ya miezi minane, Farouk!"

"Sikumwona mke..."

"Hukumwona kwa sababu hukutaka kumwona. Wanakwenda kumchukua saa kumi na mbili. Unajua watamfanya nini?"

Aligeuka kunitazama.

"Nilidhani watamtisha tu. Wallahi, nilidhani watamtisha."

"Wewe ni wakala wa mizigo. Meli inayobeba mabehewa kwenda Kisumu inaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi endesha."

Tulimkuta Erinayo nyumbani, amepewa siku ya mapumziko. Nilimwambia neno moja tu: wanakuja. Hakuuliza nani. Alivaa ovaroli ya wapagazi wa Farouk, akapanda nyuma kwenye magunia. Lakot nilimfunika buibui langu, nikabaki na mtandio.

"Dada, na vyombo vyangu?" aliuliza akiangalia sufuria jikoni. "Maharagwe iko kwa moto."

"Viache, Lakot. Twende."

Kabla ya bandari ya Luzira, kizuizi. Askari mmoja, bunduki begani, akainama dirishani.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Mjini, afande," Farouk alisema. "Nakwenda bandaghini kuchukua mzigo."

"Na hawa bibi?"

"Huyu mchumba wangu. Huyu ni dada yake, nampeleka kwa mama yake, anakaghibia kuzaa."

Askari alimtazama Lakot. "Wewe, jina yako?"

Nilihisi kucha za Lakot zikizama mkononi mwangu; jina lake lisilo la Kiislamu lingetufichua. Kabla sijafumbua mdomo, Farouk alipiga honi kwa kiganja.

"Afande, akizalia hapa utamshika mtoto wewe? Nakuomba!"

Askari akarudi nyuma, akicheka. "Pita! Pita haraka!"

Bandarini, msimamizi wa mabehewa alikuwa rafiki wa Farouk tangu utoto. Walinong'ona kidogo. Behewa moja la marobota ya pamba likafunguliwa. Erinayo alimpandisha mkewe, kisha akageuka akamshika Farouk mikono yote miwili.

"Ndugu yangu, Mungu atalipa wewe. Sisi hatuna kitu ya kukupa."

Farouk alijitoa, akamsaidia kupanda.

Tulisubiri mpaka meli ikajitenga na gati. Njiani kurudi, alisimamisha pikapu ghafla.

"Hajagha. Wamepona. Nisamehe. Ijumaa..."

"Hakuna Ijumaa."

"Ghoho yangu ilipofuka kwa wivu tu. Nakupenda!"

"Najua unanipenda. Ndiyo maana naogopa. Siku nyingine ukikasirika, utapiga simu ya nani?"

Alilia. Na mimi nililia, lakini nilishuka, nikatembea.

Baba yangu, Maalim Uthman, aliuliza swali moja: "Amekufanyia nini kijana yule?"

"Sitaki tu, Baba."

Ningesema ukweli, maneno yangetembea mpaka kwa wale wa miwani, na sote tungekwisha. Basi nikabeba lawama. Mama yake Farouk alisema nina bwana mwingine. Wanawake mtaani walinyamaza nilipopita. Farouk alizisikia shutuma hizo zote, naye akainamisha kichwa.

Wiki sita zilipita. Siku moja asubuhi, laini ya Kisumu ikawaka. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Dada? Ni mimi. Mtoto amezaliwa."

Ilikuwa sauti ya Lakot. "Samahani, mama. Umekosea namba."

Akasema polepole:

"Ndiyo, nimekosea. Lakini ni msichana. Na baba yake iko hapa, nabeba yeye."

Nilichomoa waya. Nikaomba ruhusa ya dakika mbili, nikaingia msalani, nikafungua bomba mpaka mwisho, nikacheka na kulia pamoja hadi Concy alipogonga mlango.