Kimto cha Sindano cha Eudosia

Eudosia alikuwa fundi wa polera, yale magauni meupe ya sherehe. Alishonea barazani kwake, katika mji wa Guararé. Sindano alizichomeka popote: kwenye pazia, kwenye kiti, hata kifuani kwenye blauzi yake.

Mumewe, Anselmo, alikaa kitini, akaruka.

"Mama Yarelis! Unafuga nungunungu humu?"

"Si ukae kule!"

Wakacheka.

Lakini asubuhi moja mtoto wao Yarelis, aliyeanza kutambaa, alinyamaza mno chini ya meza. Eudosia akainama. Mtoto ameshika pini, anaipeleka mdomoni!

Alimnyang'anya upesi. Mtoto akalia. Mama naye akalia.

Jirani yao Hermelinda, fundi wa siku nyingi, alisikia akaja mbio.

"Angeimeza, saa hizi tungekuwa hospitali," alisema. "Huna kimto cha kuchomekea sindano?"

"Sina. Madukani sijakiona."

"Cha duka cha nini, shoga? Leo mmekunywa kahawa?"

"Mwanangu nusura afe, wewe unataka kahawa!"

"Sitaki kahawa. Nataka machicha yake."

Hermelinda akamweleza. Machicha yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, yateleze vidoleni kama mchanga. Kitambaa kizito kikatwe mviringo, kipigwe bandi ukingoni, mishono mirefu ya kuvutika. Chini kiwekwe kifuniko cha plastiki, sindano isitokeze upande wa pili ikakuchoma. Kisha machicha yajazwe na kushindiliwa, uzi uvutwe, mdomo ushonwe.

Eudosia hakungoja. Juu machicha yalikuwa makavu; chini yalikuwa bado na majimaji. Akajaza hivyo hivyo.

Baada ya siku chache sindano zilipata kutu. Doa la kahawia likatokea kwenye polera ya mteja, kifuani kabisa. Eudosia akaibeba pamoja na kimto hadi kwa Hermelinda. Sikukuu ilikuwa karibu.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?" Hermelinda aliuliza. "Lete ndimu na chumvi."

Walilipaka doa, wakalianika juani, wakalisuuza. Walirudia mpaka likatoka. Zile sindano zenye kutu walizitia koponi, wakalifunga na kulitupa.

Safari hii Eudosia aliyatandaza machicha juu ya bati, akayageuza mara kwa mara. Jioni aliyaingiza ndani, asubuhi akayatoa tena. Anselmo aliyashika.

"Makavu haya. Shona sasa."

"Bado. Kesho."

Kimto cha pili kilitoka kigumu, kizuri. Kila akimaliza kazi, Eudosia alirudisha humo sindano na pini zote. Kisha alikiweka juu ya kabati, mtoto asipofika. Sindano zilibaki safi, na polera ikakabidhiwa ikiwa nyeupe pe.

Siku iliyofuata Eudosia alipiga magoti barazani. Alifagia, akapitisha kiganja sakafuni, kona hadi kona. Hakikumchoma kitu.

Akamweka Yarelis chini, akamwacha atambae.